SEVA MBILI, LEJA MOJA
Maandalizi ya Mashine, Umeme na Nyaya kwa Huduma Isiyokatika

(Mazungumzo kwa wajumbe wa bodi, mameneja na watunza vitabu wa vyama vya msingi, Yakobi, Njombe)



Leja ndiyo roho ya chama cha ushirika. Ndani yake zimo hisa za kila mwanachama, magunia aliyoleta, mbolea aliyokopa na fedha anazodai. Zamani leja ilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Umeme ukikatika, karani aliwasha kandili akaendelea kuandika. Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo imehamia katika kompyuta. Taarifa za vyama hupelekwa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa njia ya Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU. Usajili wa wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku umekuwa wa kielektroniki tangu msimu wa 2022/2023. Malipo mengi hupita benki au katika simu. Mabadiliko haya yana faida kubwa, lakini pia yameleta maneno ambayo wakulima wameyazoea mno: "Mtandao uko chini, rudi kesho."

Yafaa gharama ya maneno hayo ieleweke. Mwanachama anayerudishwa nyumbani hulipa nauli ya bodaboda mara mbili, hupoteza siku moja ya palizi, na pengine mtoto wake hubaki nyumbani kwa kukosa ada. Akirudishwa mara tatu, mavuno yajayo atauza viazi vyake kwa mlanguzi anayengoja kando ya barabara na fedha taslimu mkononi. Hivyo chama hupoteza mazao, na baada ya mazao hupoteza wanachama. Kwa hiyo suala la kuifanya mitambo isizimike haliwahusu mafundi peke yao. Linaihusu bodi inayotia saini hundi ya kununulia mitambo hiyo.

Njia mojawapo ya kulitatua suala hilo ni kuziunganisha seva mbili au tatu zifanye kazi kama seva moja. Mazungumzo haya yanahusu hasa maandalizi yanayotangulia programu, yaani mashine, umeme na nyaya. Kosa la programu huweza kusahihishwa jioni moja. Kosa la nyaya na umeme hujificha mpaka siku ya malipo.

KUNDI LA SEVA NI KITU GANI

Seva ni kompyuta ambayo kazi yake ni kuzihudumia kompyuta nyingine. Karani akifungua akaunti ya mwanachama dirishani, kompyuta yake huiomba seva taarifa za mwanachama huyo. Seva ikiwa moja nayo ikafa, madirisha yote hufungwa. Kundi la seva ni seva mbili au zaidi ambazo mbele ya makarani huonekana kama moja. Ikianguka moja, nyingine huichukua kazi yake, na karani huona kwamba mtambo umesita kidogo kisha ukaendelea.

Programu-endeshi inayotumika sana kwa kazi hii ni Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Linux hupatikana bila ada ya leseni. Imejengwa na maelfu ya watu, ambao kila mmoja huchangia kipande chake na wote hutumia kilichojengwa; mwanaushirika hatauona utaratibu huo kuwa mgeni. Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, ambao mwaka 2004 ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice.

Ndani ya kundi la Linux kuna programu tatu ambazo majina yake yafaa bodi iyafahamu, ili fundi akiyataja wajumbe wasibaki kutazamana. Corosync hupeleka salamu kati ya seva na seva mara kwa mara, ili kila moja ijue kwamba mwenzake yu hai. Pacemaker huamua huduma ipi iendeshwe na seva ipi. DRBD hunakili kila kinachoandikwa katika diski ya seva ya kwanza na kukiandika papo hapo katika diski ya seva ya pili. Imo ndani ya Linux yenyewe tangu toleo la 2.6.33 la mwaka 2010.

Faida ya kuwa na seva mbili inaweza kuonyeshwa kwa hesabu fupi. Mwaka una saa 8,760. Seva inayofanya kazi kwa asilimia 99 ya muda huo hulala saa 87.6, yaani zaidi ya siku tatu na nusu. Seva mbili za namna hiyo, zisizotegemeana, zitakuwa chini kwa wakati mmoja kwa sehemu moja tu katika 10,000, ambayo ni dakika 53 hivi kwa mwaka mzima. Lakini neno "zisizotegemeana" ndilo linalobeba hesabu yote hiyo. Seva mbili zikichomekwa katika soketi moja ya ukutani, chama kitakuwa kimenunua seva mbili na kupata uhakika wa soketi moja.

MAFAHALI WAWILI KATIKA ZIZI MOJA

Kabla ya habari ya vifaa, hapana budi kuieleza hatari kubwa kuliko zote, kwa kuwa vifaa vingi vitakavyotajwa vinanunuliwa kwa sababu yake.

Tuseme seva mbili zinapeana salamu kwa kupitia waya mmoja, na panya akaukata waya huo. Seva zote mbili ni nzima, lakini kila moja haisikii salamu ya mwenzake. Seva ya kwanza hudhani ya pili imekufa, na ya pili hudhani hivyo hivyo juu ya ya kwanza. Kila moja huishika leja na kuanza kuandika. Dirisha la kwanza linalipa kwa leja moja, dirisha la pili kwa leja nyingine. Mwanachama aliyekwisha kulipwa huku huonekana kule kuwa bado anadai. Aliyeweka akiba kule huonekana huku kuwa hakuweka kitu. Waya ukiunganishwa tena jioni, hakuna programu inayoweza kusema ni leja ipi iliyo ya kweli. Mkaguzi atakuta vitabu viwili vya tarehe moja, vyote vimeandikwa na makarani waaminifu, navyo havipatani.

Kwa hiyo seva mbili zisizo na utaratibu wa kukubaliana ni hatari kuliko seva moja. Seva moja ikifa huduma husimama, lakini leja hubaki moja. Dawa za hatari hii ni mbili: akidi na uzio.

Akidi ni jambo ambalo kila mjumbe analijua. Mkutano usiotimiza akidi hauwezi kupitisha azimio, hata kama waliohudhuria wana nia njema. Kundi la seva hufuata kanuni hiyo hiyo: seva inayojikuta katika upande wenye kura chache haina ruhusa ya kuishika leja, nayo hapana budi isimame. Katika kundi la seva tatu, mbili zinazosikilizana ndizo zenye wingi. Katika kundi la seva mbili hakuna wingi, maana moja kwa moja ni sare. Ndiyo sababu kundi la seva mbili huhitaji shahidi wa tatu. Shahidi huyo anaweza kuwa kompyuta ndogo ya bei nafuu, isiyotunza leja yoyote, ila ina kura. Shahidi huyo asiwekwe katika soketi wala njia ya mtandao ileile ya seva mojawapo, kwa kuwa atakufa pamoja nayo siku anapohitajiwa.

Uzio ni dawa ya pili. Kabla seva ya pili haijaishika leja, lazima ipate uhakika kwamba ya kwanza imezimwa kweli. Na njia ya kuupata uhakika huo ni kuikatia umeme. Jambo hili huonekana la kikatili kwa anayelisikia mara ya kwanza. Lakini mtunza hazina mpya hakabidhiwi sefu mpaka funguo zilizokuwa kwa mtunza hazina wa zamani zirudishwe. Kusema "nadhani amekwisha safiri" hakutoshi.

Kuna vifaa viwili vya kutekeleza uzio. Cha kwanza ni kompyuta ndogo ya usimamizi iliyomo ndani ya seva nyingi za ofisini, ambayo huamrishwa kwa utaratibu uitwao IPMI. Cha pili ni ekstensheni ya umeme inayoamrishwa kwa njia ya mtandao ikate soketi fulani. Yafaa viwepo vyote viwili, kwa sababu ifuatayo. Kompyuta ile ya usimamizi hula umeme wa seva yenyewe. Seva ikipoteza umeme kabisa, nayo hunyamaza; seva ya pili haitapata jibu, na kwa uangalifu wake itakataa kuishika leja. Huduma itasimama ingawa seva nzima ipo. Ekstensheni huliondoa tatizo hilo. Tena seva yenye vyanzo viwili vya umeme lazima ikatwe vyote viwili. Kukata kimoja ni sawa na kufunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

Katika Pacemaker kuna mpangilio uitwao stonith-enabled. Ukisomeka "true", uzio upo. Ukisomeka "false", umeondolewa. Fundi mwenye haraka anaweza kuuondoa ili kundi lisimsumbue wakati wa kulifunga, kisha akasahau kuurudisha. Mjumbe wa bodi asiyejua kitu kingine chochote cha kompyuta anaweza kuomba aonyeshwe neno hilo moja kabla ya kazi kupokelewa.

MASHINE ZENYEWE

La kwanza, seva ziwe za aina moja, zenye diski za ukubwa mmoja. Seva zilizokwisha kutumika si vibaya kununuliwa, mradi ziwe pacha na vipuri vyake vipatikane.

La pili, kila seva iweze kuibeba kazi yote peke yake. Seva mbili zinazofanya kazi kila moja kwa asilimia 70 ya uwezo wake haziwezi kuokoana. Ikianguka moja, inayobaki itatakiwa kubeba asilimia 140, nayo itaanguka.

La tatu, kila seva iwe na kumbukumbu inayojisahihisha makosa, ambayo katika orodha za wauzaji huandikwa ECC. Diski mbili zinazoakisiana, ili kufa kwa diski moja kusiiangushe seva. Vyanzo viwili vya umeme. Na matundu manne ya mtandao mbali na lile la usimamizi.

La nne, chumba. Njombe iko juu zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyembamba hupooza mashine polepole. Waundaji wengi wa seva huelekeza kwamba kiwango cha juu cha joto, ambacho mara nyingi ni nyuzi 35 za Selsiasi, kipunguzwe nyuzi moja kwa kila mita 300 juu ya mita 900 hivi. Kwa Njombe hiyo ni nyuzi 32. Baridi ya nje ni neema, lakini chumba kidogo kilichofungwa kinaweza kufika nyuzi 32 hata mwezi wa Julai, kwa hiyo kiwe na njia ya hewa yenye chujio la vumbi. Kisiwe stoo ya mbolea, wala kisipakane nayo kwa ukuta wenye matundu. Vumbi la mbolea hunyonya unyevu na kula shaba, na seva zitaanza kuugua bila fundi kujua ugonjwa wake. Kila mashine iandikwe katika daftari la mali za chama pamoja na namba yake ya kiwandani.

UMEME

Njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyokamilika mwaka 2018, imeiimarisha sana hali ya umeme katika nyanda hizi. Hata hivyo hakuna gridi isiyokatika. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani. Chama kisipange kazi zake kwa matumaini kwamba jambo hilo halitarudia.

Kinachohitajiwa ni mashine mbili za betri ya akiba, ambazo mafundi huziita UPS. Kila seva iwe na chanzo kimoja cha umeme katika UPS ya kwanza na cha pili katika UPS ya pili. Swichi ya mtandao ya kwanza ichomekwe katika UPS ya kwanza, na swichi ya pili katika UPS ya pili.

Ukubwa wake hukokotolewa hivi. Tuseme kila seva inakula wati 250, kila swichi wati 30, na ruta wati 20. Jumla ni 500 na 60 na 20, yaani wati 580. Hapa ndipo wanunuzi hukosea: huigawa 580 kwa mbili na kununua UPS mbili ndogo. Lakini UPS moja ikifa, nyingine itabeba mzigo wote. Kwa hiyo kila moja iweze kubeba 580 peke yake na kubakiwa na nafasi. Ya wati 900 itafaa. Tena namba kubwa iliyoandikwa juu ya boksi kwa kawaida ni VA, wala siyo wati. UPS ya VA 1,500 inaweza kuwa ya wati 900 tu. Mnunuzi asome wati.

UPS haikuundwa kuendesha ofisi kutwa. Kazi yake ni kushika zile dakika ambazo jenereta inawashwa; na jenereta ikikataa, ni kuzizima seva kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Betri hizo huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, kwa hiyo fedha za kuzibadilisha ziwemo katika makisio ya chama. Betri iliyokufa ndani ya UPS inayowaka taa ya kijani ni mlinzi aliyelala amesimama.

Radi ni adui wa nyanda za juu. Jengo liwe na ethi iliyopimwa na fundi wa umeme, na njia ya umeme iingiayo iwe na kizuia-radi. Waya wa shaba wa mtandao usipitishwe juu kutoka jengo moja hadi jingine, maana radi ikipiga karibu, waya huo utaibeba hadi ndani ya mashine. Kati ya majengo itumike kebo ya nyuzi za kioo, ambazo hazipitishi umeme.

MTANDAO

Mitandao ya kundi ni mitatu, nayo isichanganywe.

Wa kwanza ni mtandao wa makarani. Kila seva iunganishwe na swichi mbili tofauti kwa waya mbili, na waya hizo zifungwe pamoja ndani ya Linux kwa mtindo ambao mmoja hufanya kazi na mwingine hungoja. Mtindo huo huitwa active-backup, nao hauhitaji swichi za bei kubwa. Katika mtandao huu kila seva ina anwani yake ya kudumu, kwa mfano 192.168.10.11 na 192.168.10.12. Makarani hawazitumii hizo. Wao hutumia anwani ya tatu, tuseme 192.168.10.10, ambayo ni mali ya kundi na huhama pamoja na kazi. Ni kama dirisha la mtunza fedha: mwanachama hulijua dirisha, na aliyeketi ndani anaweza kubadilishwa.

Wa pili ni mtandao wa salamu na nakala za diski. Waya mbili zipite moja kwa moja kutoka seva hadi seva bila swichi, kwa njia mbili tofauti ukutani, ili panya mmoja asizikate zote. Anwani zake ziwe za fungu jingine kabisa, kwa mfano 10.10.10.1 na 10.10.10.2 kwa waya wa kwanza. Salamu zipewe pia ruhusa ya kupita katika mtandao wa makarani kama njia ya akiba.

Wa tatu ni mtandao wa usimamizi, unaofikia vile vifaa vya uzio. Huu usifikiwe na kompyuta za makarani wala simu za wageni, kwa sababu anayeufikia anaweza kuzizima seva zote.

Waya wa shaba usizidi mita 100 kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila waya uandikwe jina katika ncha zote mbili, na mchoro wake ubandikwe ndani ya mlango wa kabati. Majina na anwani za seva yaandikwe katika faili la kila seva, ili zisipotee kwa kumngoja mtu wa tatu azitambulishe. Saa za seva zote zirekebishwe kutoka chanzo kimoja. Leja yenye saa mbili huzaa mabishano.

Kuna swali linaloulizwa mara kwa mara: je, seva moja isiwekwe Njombe mjini na ya pili Makambako, ili hata moto usizipate zote? Wazo ni zuri, lakini si kwa kundi la namna hii. Kati ya miji hiyo kuna kilomita 60 hivi, na njia ya katikati ni ya kukodi. Kila njia hiyo inapoyumba, salamu zitachelewa na uzio utaanza kuzima seva nzima. Seva za kundi zikae jengo moja. Makambako ipelekewe nakala, kama itakavyoelezwa.

Kuhusu mtandao wa nje, somo lilipatikana Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za SEACOM na EASSy zilipokatika, na mawasiliano ya intaneti nchini yakazorota vibaya. Ofisi zilizotegemea kompyuta za ng'ambo zilikaa kimya. Leja iliyomo ndani ya jengo huendelea kusomeka hata siku kama hiyo. Chama kikitaka njia mbili za intaneti kichukue za kampuni mbili tofauti, lakini kikumbuke kwamba kampuni mbili zinaweza kukodi kebo moja.

MAJARIBIO MBELE YA BODI

Kundi lisilojaribiwa lihesabiwe kuwa halipo. Majaribio yafanyike kabla akaunti za wanachama hazijaingizwa, tena mbele ya wajumbe, huku karani akiandika saa na matokeo. Chomoa waya mmoja wa makarani: kazi isisite. Chomoa waya mmoja wa salamu: kundi libaki kimoja. Zima UPS ya kwanza, kisha iwashe. Zima ya pili. Zima swichi moja. Chomoa umeme wote wa seva inayoshika leja: ya pili iishike, na muda uandikwe. Mwisho, zikate njia zote za salamu kwa pamoja huku seva zote mbili zikiwa hai. Hapo lazima seva moja izimwe na moja ibaki. Zikibaki mbili, fundi asilipwe. Majaribio hayo yarudiwe kila mwaka kabla ya msimu wa mavuno.

NAKALA ZA AKIBA

Kundi la seva halichukui nafasi ya nakala za akiba. Karani akifuta akaunti kwa bahati mbaya, DRBD itaifuta katika seva ya pili papo hapo, kwa uaminifu uleule inaoandika. Kwa hiyo kila jioni leja inakiliwe mahali pasipo sehemu ya kundi, na nakala moja ipelekwe mbali, kwa mfano ofisi ya Makambako. Akiba haiozi, lakini nakala huweza kuoza; kila mwezi nakala moja ifunguliwe na kusomwa. Kwa kuwa ndani yake zimo namba za simu na madeni ya watu, nakala hizo zifungwe kwa nywila, kama inavyostahili chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

NANI ANAHITAJI, NANI HAHITAJI

Ndugu Wajumbe, si kila chama kinahitaji kundi la seva. Chama cha msingi chenye madirisha mawili kitatosheka na kompyuta moja nzuri, UPS moja, nakala ya kila jioni inayohifadhiwa nyumba nyingine, na kitabu cha stakabadhi cha karatasi ambacho hutumika mtambo unapolala na kuingizwa unapoamka. Matengenezo ya nusu siku hayataua chama kama hicho, na fedha zitakazobaki zitanunua mizani ya kweli. Chama kikuu kinachotunza leja za vyama vingi, ambacho kikisimama siku ya malipo husimamisha mamia ya familia, hicho ndicho kinachopaswa kufikiria seva mbili na shahidi wake. Vyama vya msingi kadhaa pia vinaweza kuchangia kundi moja kwa pamoja.

Bodi itakayoletewa hati ya manunuzi ya mitambo hii iulize maswali manne kabla ya kutia saini. Seva hizi mbili zinategemea kitu gani kwa pamoja? Salamu zikikatika, ni nani atakayezimwa, na atazimwa na nini? Nakala ya jana iko wapi, na ni nani aliyeifungua? Fundi akiwa safarini, ni mwanachama gani wa hapa Yakobi, Njombe au Makambako aliyefundishwa kuusoma mchoro ulio ndani ya mlango wa kabati? Swali moja likikosa jibu, hundi ingoje.